Hindi Lililovaa Gomesi

Jumapili, Busia, upande wa Kenya. Rasharasha tangu asubuhi. Si mvua ya kukufungia ndani, wala si ya kukuacha utoke. Kanisani sikwenda, na kisingizio ninacho, ila ukweli ni kwamba Jumapili siipendi tena.

Jumapili ndiyo siku Mama alikuwa akipiga simu.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi wa gomesi, yale magauni ya heshima ya wanawake wa Uganda, yenye mabega yaliyochongoka na mshipi. Nashona kwenye kibanda karibu na mpaka, na nyuma ya kibanda nimepanga chumba kimoja. Mume alishakwenda zake. Hilo nilikwisha kuliandika, sirudii. Mtoto sina, na nimelizoea hilo isipokuwa siku za mvua. Kwetu ni ng'ambo, Uganda, Nabuyoga, wilaya ya Tororo. Tuko wawili tu kwa mama yetu: dada yangu mkubwa, Nyaketcho, na mimi. Yeye aliolewa hukohuko, mimi nikavuka.

Mama alikuwa akinipigia baada ya ibada na kunipa habari za Nyaketcho: kiuno kinamsumbua, ng'ombe wake amezaa, kijana wake wa kwanza ameanza kuota ndevu na kujibu watu. Kisha anampigia Nyaketcho na kumpa habari zangu. Sisi wenyewe hatukuwa na haja ya kupigiana. Mwaka jana tukamzika, na hakuna aliyekumbuka kwamba pale ndipo simu yetu ilipokatika.

Hatukugombana. Laiti tungegombana! Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, watapatana tu. Lakini sisi tumenyamaza, na ukimya hauna mtu wa kuusuluhisha. Mimi nangoja aniite kwa sababu yeye ndiye mkubwa, na yeye, najua, anangoja nimsalimie kwa sababu mimi ndiye mdogo. Mara nyingi nimeandika "Dada, habari za huko," nikafuta.

Naogopa. Naogopa kwamba baada ya hujambo na watoto hawajambo tutakosa la kusema, na hapo nitajua kwa hakika kwamba sina mtu.

Basi leo nilikuwa nimekaa mlangoni na chai yangu, nikitazama mahindi ya mama mwenye nyumba, Mama Egesa. Yameanza kutoa nywele. Watu wengine huziita ndevu, lakini Nyaketcho na mimi hatukuwahi kuziita ndevu. Zilikuwa nywele za watoto wetu.

Wanasesere wa dukani tuliwaona mara moja, Tororo mjini, wamefungwa ndani ya nailoni na macho yao ya buluu. Nyaketcho akasema wanaonekana wamekosa hewa. Wetu tuliwachuma shambani: hindi changa ambalo bado halijashika punje, nywele nyekundu, zimelowa umande. Kila mmoja aliruhusiwa mtoto mmoja kwa msimu, kutoka mstari wa karibu na njia. Tukizidisha, Mama alipiga kelele kwamba tutamuua kwa njaa kwa ajili ya watoto wasiokula. Lakini jioni hiyohiyo alituuliza kama wajukuu wake wameshalala.

Kazi tuligawana. Mimi nguo, yeye nywele.

Gomesi ya kwanza niliyoshona maishani mwangu niliishonea hindi. Yale mabega yaliyochongoka niliyasimamisha kwa vipande vya ganda, na mshipi ukawa utepe wa mgomba mkavu. Leo wanawake wanavuka kutoka Lumino kuniletea vitambaa kwa sababu ya mabega yangu. Siwaambii nilijifunzia wapi.

Nyaketcho naye alisuka. Alinigeuzia mgongo akisuka, maana msusi ana siri zake, na mimi nikangoja kukabidhiwa mtoto mwenye mikia miwili mizuri. Shida ya mtoto wa hindi ni kwamba haishi. Siku ya tatu amesinyaa, nywele zimekauka na kuwa nyeusi, na inabidi arudishwe shambani. Nilikuwa nikilia. Nyaketcho alisema hafi, anarudi msimu ujao na nywele mpya. Naona haya kusema nilimwamini mpaka lini.

Leo nilitoka kwenye rasharasha nikachuma moja. Kabla sijageuka, Mama Egesa alikuwa ameshatoa kichwa dirishani.

"We fundi! Hiyo mahindi imekukosea nini? Haijashika hata punje!"

"Pole, Mama Egesa. Nilikuwa nataka nywele yake tu."

Halafu akatoka na leso kichwani, akalichukua hindi, na yeye mtu mzima mwenye wajukuu akaliweka mgongoni akaanza kulibembeleza. "Sisi huko Samia tulikuwa tunabeba hivi mpaka kisimani," akasema. "Mama alinichapa juu ya hii kitu, wacha tu!" Akacheka mpaka akakohoa. "Haya, chukua. Lakini usinimalizie shamba."

Akarudi ndani kwa wajukuu wake. Nikabaki na wangu.

Nilimmenya, maganda yote, nikidhani namsafisha. Gomesi haikunichelewesha, nilikuwa na mabaki ya hariri ya zambarau. Mabega yakasimama, mshipi ukakaa. Kisha nikashika nywele ili nimsuke. Shungi la kwanza likabaki mkononi mwangu. La pili vilevile. Punde mtoto alikuwa na upara, amevaa gomesi ya harusi.

Nikacheka kwa sauti, peke yangu chumbani. Nikageuka nimwonyeshe mtu. Nikalia.

Hakuna mwingine duniani wa kujua kwa nini jambo hili linachekesha. Mama Egesa ana kisa chake na watu wake. Mtu wangu ni mmoja, na yuko Nabuyoga.

Safari hii sikuandika salamu. Nilipiga picha, nikaituma hivyo hivyo, upara na mshipi.

Nikaosha kikombe. Nikafagia nywele sakafuni. Nilikuwa nimeapa sitaitazama simu, nikaitazama: alama zimegeuka buluu, ameiona. Hakuna jibu. Nikajiambia, haya, umeshajua sasa.

Kisha ikaja sauti yake iliyorekodiwa, ikianza kwa jina langu, kwa Kidhopadhola chetu, nami naigeuza hapa kama nilivyoisikia.

"Awor! Umemvua maganda yote? Mtoto anavuliwa nguo zote kwenye mvua hii? Nywele zinashikwa na ganda la ndani, mjinga wewe! Unafunga shingo kwanza, ndipo unasuka!"

Nyuma yake nilisikia kuku, na mtoto akiuliza anaongea na nani. "Na mama yako mdogo," akamjibu. Halafu sauti ikashuka.

"Shamba la Mama nimelipanda. Ule mstari wa karibu na njia umetoa nywele. Jana nilimsuka mmoja. Yuko hapa dirishani, hana nguo, na ameanza kusinyaa. Njoo."

Hakuna hujambo. Hakuna watoto hawajambo.

Nimeirudia na kuirudia. Sikujua sauti yake imekuwa ya Mama kiasi hiki, au labda nilijua, ndiyo maana nilikuwa naogopa kupiga. Nimemjibu kwa alama ya kidole gumba, moja tu, kisha nikavuta mkoba wangu.

Mwenye gomesi ya Jumanne atanisamehe, na asiponisamehe atapata fundi mwingine, mji huu umejaa mafundi. Huyu mwenye upara nimemfunga kitambaa kilicholowa maji ili afike hajasinyaa. Yule wa dirishani ndiye ananitia wasiwasi. Kama alichumwa jana, kesho ndiyo siku yake ya tatu.

Kwa hiyo kesho asubuhi navuka, inyeshe isinyeshe. Mkasi na sindano viko kwenye mkoba. Kipande cha zambarau kilichobaki nimekipima tena sasa hivi. Kinatosha gomesi moja.