Daktari wa Meno Siku ya Kengele

Shangazi Verna mpendwa,

Nisaidie, sina mwingine wa kumwambia, na nikimwambia mume wangu najua hataniangalia tena kwa jicho lile lile. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, naishi huku juu milimani Pennsylvania, mji wenyewe sikutajii maana una shule moja tu ya sekondari na kila mtu anamjua kila mtu. Miaka ishirini na sita iliyopita, wiki ile msimu wa kulungu unapofunguliwa, mwenzetu Clay Rennert aliingia bwaloni saa ya chakula cha mchana na bunduki ya kuwindia ya baba yake akaua watatu, mwalimu wetu wa hesabu Bwana Haupt, mvulana mmoja wa darasa la tisa, na Jolene, Jolene wangu niliyekaa naye kiti kwa kiti tangu chekechea. Kila mwaka siku hiyo kengele ya kanisa hugongwa mara tatu, tunaiita siku ya kengele, halafu mama yake Jolene hunikumbatia mbele za watu na kusema, "Mungu alikuumiza tumbo ili aniachie mmoja." Maana siku ile mimi sikwenda shule, niliumwa tumbo.

Mwaka huu kamati ya siku hiyo imenichagua nisome hotuba kanisani Alhamisi jioni, na kichwa wamenipa wao, "Vijana Wetu Wamepatwa na Nini?" Shangazi, kamati yenyewe ni wazee sita akiwemo baba mkwe wangu Wendell, na kikao kizima kilikuwa lawama tu, eti simu, eti michezo ya kuuana kwenye kompyuta, eti muziki, eti watoto siku hizi hawaguswi. Baba mkwe akagonga meza akasema, "Sisi tulikuja shule na bunduki kwenye gari, tukitoka darasani moja kwa moja porini, na nani alimpiga mwenzake? Hiki kizazi kimeoza!" Wote wakaitikia, na mimi nikaandika kwenye daftari langu, kizazi kimeoza, kwa hasira ambayo sijui hata namkasirikia nani.

Kila nikianza kuandika nachana karatasi, kwa sababu tumbo halikuniuma. Siku moja kabla, Jumatano, Clay alinikuta kwenye korido peke yangu akaniambia, "We, kesho usije," akatabasamu, akaenda zake. Jolene akaja mbio, "Amekwambia nini huyo?" nikamjibu, "Hamna, upuuzi wake." Asubuhi nikamwambia mama tumbo linakata, nikakaa dirishani nimejifunika blanketi, nikamwona Jolene anapita kwenda kupanda basi, akanipungia mkono na mimi nikampungia, na hilo sijawahi kumwambia binadamu yeyote. Na mambo yenyewe hayaishi, maana hata binti yangu Corinne, ana miaka kumi na tano, wiki jana kuna mvulana kamwambia kwenye basi la shule kwamba siku ya kengele asikae bwaloni, nilipomuuliza vizuri akasema, "Mama, labda anatania, na ukienda kusema nitaitwa mmbea shule nzima," basi nikanyamaza, kwa sababu nikienda kusema wataniuliza imekuwaje maneno madogo hivyo yamenitisha, nimemwandikia tu ruhusa siku hiyo aende kwa daktari wa meno. Lakini turudi kwenye hotuba, Shangazi. Nianzeje? Niwaambie nini kuhusu vijana hawa, wamebadilika wapi mpaka tukafika hapa?

Ni mimi,
Aliyeumwa Tumbo

*

Aliyeumwa Tumbo,

Turudi kwenye hotuba? Turudi kwenye hotuba! Mwanamke wewe, nilikuwa na kikombe cha kahawa mkononi, na zulia langu mpaka leo lina doa. Barua yako niliifungua Jumatatu asubuhi, na sikuimaliza. Nilipofika kwenye hilo basi la shule niliinuka nikaenda kwenye simu. Umeandika mistari na mistari juu ya wazee na kelele zao, halafu kitu cha pekee kilichokuwa na haraka umekichomeka katikati kama mtu anayeficha kijiko cha wizi kwenye soksi. Na uliiweka posta, Ijumaa! Angechelewa mtu wa posta siku mbili tatu, leo tungekuwa tunaongea habari gani?

Niliwapigia polisi wa jimbo. Nikampigia mwalimu mkuu, maana muhuri wa posta unasomeka na shule ni moja, umesema mwenyewe. Wa tatu nilimpigia daktari wa meno. Naye ni mmoja tu mji mzima, na Alhamisi hafungui. Kwa hiyo hata uongo wenyewe hukuuandaa vizuri.

Jana nilikupigia na wewe, namba nilipewa shuleni. Nilikwambia barua hii naichapa gazetini, ukalia, nikakuacha ulie, kisha ukasema, "Chapa tu, nimechoka." Jina la binti yako nimelibadilisha, na hilo nimemfanyia yeye. Haya mengine nayarudia hapa ili na majirani zako wayasikie, maana sidhani ni wewe peke yako uliyewahi kusikia neno kwenye korido ukalimeza.

Mvulana wamempata. Yuko hai, hajamgusa mtu, yuko na watu wanaojua kukaa na mtoto na kumsikiliza. Je, alikuwa anatania? Sijui. Na wewe hukujua, ndiyo maana ukamtafutia wako pa kujificha. Watoto wa wenzako mia tatu uliwaacha wakae bwaloni wale vibanzi vyao. Polisi walikwenda kwa babu yake wakakuta kabati la bunduki limefungwa vizuri kabisa, na ufunguo unaning'inia kwenye msumari pembeni ya kalenda. Clay naye alichukua wapi ufunguo wa baba yake? Msumarini, pembeni ya kalenda. Na kwako wewe uko wapi? Usinijibu. Kautoe sasa hivi, gazeti litakusubiri.

Sasa hao wazee wako. Mwambie baba mkwe wako, kwa heshima zote anazostahili mkwe, kwamba Clay Rennert alikuwa wa enzi hizo hizo anazozisifia. Hakuwa na simu mfukoni. Alikuwa na msumari, na alikuwa na mtu aliyemsikia akanyamaza. Kila mwaka wanagonga kengele, wanakula mkate wa maboga, wanatukana watoto, wanarudi nyumbani kuning'iniza funguo pale pale. Nimekuwa nesi wa shule miaka thelathini kabla ya kushika kalamu hii. Nimewafunza watoto wa miaka sita kukaa kimya chooni wakiwa wamesimama juu ya bakuli la choo ili mwenye bunduki akiingia asione miguu yao, halafu jitu zima linaniambia watoto ndio walioharibika. Jamani! Nani aliyeharibika hapo?

Usinielewe vibaya. Nakuonea huruma, tena sana. Ulikuwa na miaka kumi na sita, uliogopa, na hukushika bunduki wewe. Huyo msichana wa dirishani ningekuwa naye chumbani humu ningempikia supu na kumkumbatia mpaka atulie. Lakini wewe una miaka arobaini na mbili. Supu sina.

Kesho ni Alhamisi. Asubuhi, kabla ya jambo lingine lolote, nenda kwa mama yake Jolene. Usimpelekee maua wala barua. Kaa jikoni kwake, mwambie nani alikwambia nini kwenye korido, na Jolene alikuuliza nini, na ulimjibu nini. Akikufukuza, ondoka. Akikupiga kofi, pokea. Asikumbatie uongo mwaka wa ishirini na sita. Mumeo mwambie leo hii, kabla hajasoma hapa. Jioni nenda kanisani usimame, na wale sita wakae mbele wakusikie.

Umeniuliza vijana wamebadilika wapi. Kitu kimoja kimebadilika, na kiko nyumbani kwako. Mwalimu mkuu alipomwita binti yako Jumatatu, mtoto hakuzunguka hata dakika moja; alitaja jina la mvulana, kiti alichokaa kwenye basi, na maneno aliyoyasema. Mwalimu akamuuliza, "Sasa mbona hukusema siku ile ile?" Mtoto akamtazama akamjibu, "Nilisema. Nilimwambia Mama."

Anzia hapo hotuba yako.

Shangazi Verna