Zimwi Linalokohoa Mara Mbili

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mwanangu, anayekuita mama mdogo. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na mgongo umeacha kukusumbua. Sisi tu wazima. Cherehani inazunguka, na yule paka uliyetuletea kukamata panya amenenepa hata dirishani haruki tena.

Unalijua lile gemu la zimwi la darajani, analocheza mwanangu tangu darasa la tano. Sehemu ya tisa imetoka. Aliisubiri miaka minne, akiniapia kwamba safari hii wametunga kila kitu upya. Jumamosi aliicheza saa moja tu, akazima. Alisema daraja ni lilelile na zimwi ni lilelile, wamebadilisha rangi ya mawingu tu. Nikamwambia hilo ni shati kuukuu lililogeuzwa kola. Hakucheka, akajifungia chumbani, kama anavyojifungia tangu waya wa gemu ulipokatwa miaka sita iliyopita. Mlango ule umeniuma kuliko sindano yoyote.

Jumapili nilibisha, nikaingia, nikaomba nicheze mimi. Kwa shingo upande akanionyesha kitufe cha kuruka na cha kujificha, akageukia ukuta. Sasa, mdogo wangu, mimi hushona upande wa pili wa ukuta huohuo. Zimwi lile nimelisikia miaka yote: likikohoa mara mbili linarusha jiwe, likinyamaza linakuja lenyewe. Picha zilinichanganya, nikafumba macho, nikacheza kwa masikio. Kabla ya adhuhuri zimwi lilikuwa mtoni. Mwanangu alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema gemu ambalo mama analimaliza bila kulitazama halina jipya la kumpa mtu, na kwamba atatunga lake. Nilizunguka nyumba nzima kifua mbele.

Kuna jambo nikuungamie. Waya ule haukukatwa na panya, kama nilivyokuambia. Niliukata mimi kwa mkasi wangu, siku alipoleta ripoti mbaya ya shule. Ulipotuletea paka, aibu ilinifunga mdomo. Ushindi ulinipa ujasiri, nikamwambia mwenyewe palepale. Akajibu kwamba alijua siku zote, kwa sababu panya hakati kwa mstari ulionyooka hivyo. Alikuwa akingoja niseme. Tangu siku hiyo mlango wake uko wazi, nami nashona nikimwona.

Paka hatumrudishi. Msalimie shemeji, umwambie kama anajiamini aje tushindane.

Ni mimi dada yako,
Kiboko ya Zimwi