Karatasi Niliyompa Zuwena

Ami Nassor,

Ni mimi, Shaame. Usishangae kupata barua kwa mtu aliyeishia darasa la sita. Mwandiko wangu unaujua, na Ras Al Khor nzima inajua kwamba kwenye vipuri vya magari hakuna anayeandika lebo ikasomeka kama yangu.

Miezi minne sasa tangu tukuzike. Chumba chako cha Bur Dubai amehamia Mhindi mmoja wa Malabari, mlango kaupaka buluu. Muuza kahawa bado anakumiminia kikombe, halafu anakumbuka, anakinywa mwenyewe. Mimi mzima. Nimenenepa kidogo, nawaambia watu ni majonzi.

Ila kuna jambo nilikufanyia, nataka ulisikie kwangu.

Asubuhi ile hospitali nilikuwa peke yangu na wewe. Ulisema kitu ndani ya barakoa ya oksijeni, mashine inavuma, nikasikia nusu. Kisha ukanyamaza, ndiyo ikawa basi. Saa hiyohiyo habari ikamfika Zuwena Unguja, akapiga simu analia: "Kaka Shaame, baba kasema nini? Kafa na hasira na mimi?"

Nilijua anachouliza. Miaka yote ile ulimwita binti yako aje akae na wewe hapa, na miaka yote alikataa kuiacha Unguja, na ule mwaka wa mwisho hamkusemeshana kabisa. Sasa mwanamke analia hivyo, mimi nimwambie nimesikia nusu? Ulimi ukaniponyoka. Nikamwambia ulikaa kitako kitandani, ukatoa wasia wa nusu saa. Ukamsamehe, ukamwombea, ukawataja wajukuu mmoja mmoja, mpaka madaktari wakaacha kazi wakasikiliza. Mmoja, Mmisri, alilia.

Akapenga kamasi. Halafu: "Nusu saa?"

"Nusu saa kamili, dada. Nilitazama saa."

Akasema anakuja.

Na akaja, Ami, na daftari jipya. Tukakaa kwenye lile benchi karibu na kituo cha mashua za abra, pale tulipokuwa tukikaa mimi na wewe, akafungua kalamu. "Haya, kaka. Neno kwa neno. Baba yangu sijamsikia hata siku moja akisema dakika tano mfululizo. Leo naitaka hiyo nusu saa yote."

Mimi nimemuuzia Mganda gia boksi iliyotoka kwenye gari lililoungua, na alikuwa ananitazama machoni. Sijawahi kukosa neno. Siku ile nilikosa, na mwenye makosa ni wewe.

Maana ulinijia ulivyonisimulia ile ofisi ya ubalozi mdogo, kule pwani ya jangwa, enzi zako ukiwa mpokea simu ya upepo. Meli ya barua inaweza isionekane mwezi mzima. Balozi hajui serikali yake ipo au imeanguka, mpaka wewe ukae alfajiri na visikilizio masikioni, unazinasa zile ti-ta-ti zinazotoka Ulaya, unaziandika kwa penseli, herufi moja moja. Karatasi yako ndiyo gazeti la nchi. Balozi anaisoma na chai, kisha karani anawatafsiria wafanyabiashara waliojaa barazani. Na mikwaruzo ya hewani ikimeza neno, unapiga mstari mtupu unaendelea. Balozi akakasirika: jaza basi, bwana, wewe una akili! Ukamjibu, "Akili yangu si habari."

Kwa sababu aliyekutangulia kwenye kiti kile alikuwa anajaza. Habari ya meli ya mahujaji, neno moja likapotea, yeye akaandika "imezama". Mji ukaweka matanga. Siku ya tatu mahujaji haohao wanateremka na mizigo yao, na mmoja kufika kwake kakuta anasomewa hitima, akaketi akala pilau ya msiba wake mpaka imamu alipomtambua. Hiyo pilau nimeitia mimi. Wewe ulisema tu kwamba walirudi.

Nikamwambia Zuwena nisubiri. Nikaenda nikauleta ule mkebe wako wa biskuti wenye nakala za kaboni za zile habari. Akazipekua moja moja. Kila karatasi ina mistari mitupu, kama kinywa kilichong'oka meno. Akauliza hii ni nini, nikamweleza. Kisha nikaliomba daftari lake nikaandika:

Mwambie Zuwena ——— ——— nilifurahi ———

"Hayo ndiyo niliyoyasikia," nikasema. "Mengine yote nimetunga. Hata Mmisri."

Nilingoja kofi. Yeye akapitisha kidole juu ya ile mistari mitupu, mmoja mmoja. Halafu akasema polepole, "Alifurahi." Mara akacheka, na machozi yanamtoka palepale. "Muongo we! Ulitaka kuninyima hili, unipe hotuba?" Akaing'oa ile karatasi daftarini kwa uangalifu, akaikunja, akaitia kifuani. "Alifurahia nini, nitamuuliza mwenyewe tukikutana."

Ami. Sijui kama ulimwona uso wake. Mimi niliuona.

Akakaa siku tatu. Aliuliza, na mimi nikamjibu nilichokiona kwa macho yangu, bila nyongeza. Kwamba chungwa ulikuwa ukilimenya kwa ganda moja refu lisilokatika. Kwamba mgeni akibisha hodi ulizima redio kwanza, ndipo ukafungua. Kwamba picha yake ya shule ulikuwa umeibandika ndani ya mlango wa kabati, ukifungua kuchukua kanzu unaiona. Hilo lilimkalisha chini. Nilidhani nikiacha kutia chumvi maneno yataniishia kabla chai haijapoa. Siku tatu, bwana! Wallahi kweli yako ni ndefu kuliko uongo wangu, na uongo wangu unasifika mpaka mtaa wa Naif.

Sasa kila Ijumaa baada ya swala ananipigia, na wajukuu zako wamejazana kwenye kioo cha simu. Wiki iliyopita mjukuu wako mdogo, Salma, kauliza, "Mjomba, babu alikuwa haogopi, peke yake kule jangwani?"

Nikafungua mdomo. Simba wawili na jini mmoja walikuwa tayari juu ya ulimi. Nikawameza.

"Sijui," nikasema.

Neno hilo halijawahi kunitoka, kamuulize mtu yeyote hapa. Likatoka, na dunia ikabaki palepale. Mtoto akaona jambo la kawaida tu. "Basi njoo na karatasi zake," akaniambia, "tutafute."

Kwa hiyo ninakwenda Unguja kabla ya Ramadhani, na mkebe nimeuweka kwenye begi la mkononi, siwaachii watu wa mizigo. Tutazisoma zote, mimi na wajukuu zako. Nakuahidi hakuna mkono utakaoijaza mistari yako mitupu, na wa kwanza nitakayemzuia ni mimi.

Kwaheri, Ami yangu. Mungu akuangazie huko uliko. Masikio yako yamefanya kazi ya kutosha, yapumzike. Sisi tumeshaanza kusikiliza.

Wako,
Shaame