Vazi la Bikira wa Namnama

Jumatatu, 11 Machi 2019

Kikao. Neno "jamii" limetafunwa leo mpaka likaisha utamu, kama chingamu ya tangu asubuhi. Jamii itakuja kwenye ufunguzi wa maonyesho. Jamii itafurahi. Jamii itapanda basi. Profesa Tabios, mkurugenzi wetu hapa makumbusho ya sanaa ya chuo, hajawahi kumnunulia mtu wa kijijini, wa baryo, hata kikombe cha kahawa, lakini "jamii" anaitamka amefumba macho kama anaonja mvinyo. Na mimi ndiye mkuu wa elimu na ushirikishaji jamii. Maana yake nakodi basi, naagiza vitafunio, nahakikisha vikongwe wanaonekana vizuri kwenye picha.

Sanamu ya Bikira wa Huzuni ilifika juzi kutoka Namnama, kwetu. Kimbunga kilibeba paa la kanisa mwaka jana na mvua ilikuwa inamlowesha. Niliwaomba wanawake wanaomvisha watuachie sanamu lao kwa Kwaresima, tutawarudishia kabla ya maandamano ya Ijumaa Kuu. Hawakutaka. Ikabidi nimwahidi Nana Ising, mkubwa wao, shoga wa marehemu mama: hatavuliwa na mtu. Siku ya kubadilishwa vazi mtakuja wenyewe, pazia litafungwa, wanaume watatoka. Kama kanisani. Kule hata padri hutolewa nje.

Alikubali kwa sababu ni mimi. Alisema hivyo hivyo, mbele ya wenzake.

Jumatano, 13 Machi

Nimemkuta Profesa na wanafunzi wawili wa kiume wanampimia Bikira taa. Profesa kainua pindo la gauni kwa ncha ya kalamu. Kalamu! Kama mtu anayechungulia kilichoangukia mtaroni.

Bikira hana mwili. Kichwa na mikono ndiyo iliyochongwa, hapo katikati ni fito zilizopigiliwa misumari. Namnama nzima inajua na hakuna anayelisema, kama vile hakuna anayeusema mwili wa mama yake.

"Sanaa yenyewe iko hapa, Bi Edita," Profesa ananiambia. "Hilo gauni ni kitambaa tu. Linaficha kazi ya fundi."

Nikamweleza. Kusikiliza anasikiliza, kichwa upande, kama daktari anayengoja mgonjwa amalize kulalamika. Halafu: "Basi utawaelimisha. Si ndiyo kazi yako?"

Kumbe. Kuwashikia watu pua ili wameze.

Ijumaa, 15 Machi

Nana Ising kapiga simu. Vazi jipya limekwisha — mahameli ya zambarau iliyoiva, nyuzi za dhahabu kifuani. Nana Coring, mvishaji mwenzake, alijichoma sindano, tone la damu likaingia kwenye upindo, wakabishana kutwa nzima, wakaamua liachwe, Bikira atajua la kulifanya. Nikacheka. Kisha akaniuliza kama pazia limeshatundikwa.

Nikamwambia kila kitu kiko sawa.

Nimeupiga mswaki ulimi huu mpaka ukauma. Bado unanuka.

Jumanne, 19 Machi

Wamemvua.

Walinituma shule za ng'ambo ya mto kutoa mafunzo ya "kutazama kwa makini". Nimerudi alasiri, nimemkuta juu ya jukwaa jeupe. Kichwa, machozi yake ya kioo, mikono imening'inia kwenye kamba, na katikati fito tupu. Taa inapiga kutoka chini. Nguo zake zote, hadi za ndani — zile ambazo wanawake hukata vipande wakaweka chini ya mto wa mgonjwa, mama alifia juu ya kimoja — zimesokomezwa kwenye boksi la karatasi za kunakilia.

Nilishindwa kutazama. Nilitazama viatu vyangu.

Na bango limeshachapwa. Yeye, hivyo hivyo alivyo, mkubwa kama mlango. "Mwili wa Imani." Liko getini, liko stendi ya vibasi vya jeepney. Profesa ananiuliza kama naona herufi nyekundu zimezidi. Nikasema zimezidi. Mungu anisamehe, nilimjibu habari ya herufi.

Jumatano, 20 Machi

Nimekwenda Namnama. Afadhali wasikie kwangu kuliko kwa bango.

Walikuwa jikoni kwa Nana Ising, wavishaji watatu wote, wanachoma tupig, vikeki vya mchele, kwenye majani ya mgomba. Nana Coring hakunipa hata nafasi ya kukaa. "Huyo anakuja wa chuo kikuu. Mficheni paka, asije akampeleka naye kwenye maonyesho." Nana Paz akacheka mpaka akakohoa.

Nikasema. Moja kwa moja, maana ningezunguka ningelia. Tupig zikaanza kuungua na hakuna aliyezigeuza.

Nana Ising akauliza, "Wanaume wangapi wamemwona?"

Sikujua. Nikawaza getini, nikawaza stendi, wauza mahindi, madereva, wanafunzi na simu zao. Nikasema, "Wengi, Nana."

"Na wewe ulipotuambia pazia lipo?"

"Halikuwepo."

Nilitaka anitukane. Nana Coring alikuwa tayari, mdomo ulishafunguka, Nana Ising akamzuia kwa mkono. Akaniambia, bila hata kupandisha sauti, "Mama yako alimvisha yule miaka yote ya maisha yake, Edita. Wewe umemvua."

Si mimi niliyemvua. Nilikuwa na jibu hilo mdomoni, zuri, limekamilika. Nikalimeza. Basi lao la siku ya ufunguzi bado liko palepale, nikawaambia, kama wanataka. Nana Ising akasema watakuja. Hakusema kufanya nini. Akanifungia tupig kwenye gazeti, zile zilizoungua.

Jumatatu, 25 Machi

Profesa furaha imemjaa kwa sababu "jamii imethibitisha kuja". Anataka Nana Ising aseme maneno mawili kwa mkuu wa chuo, kisha apigwe picha kando ya fito. "Kwa kilugha chao, itapendeza zaidi." Kilugha chao ndicho changu, tena ndicho cha nyanya yake yeye, ila ameshakisahau kwa makusudi.

Ameagiza bagnet kwa wageni wa ufunguzi. Nguruwe wa kukaanga, Ijumaa ya Kwaresima, siku isiyoliwa nyama, mbele ya wanawake wa Namnama! Nikamwambia. Akakuna kidevu. "Basi ongeza na samaki, kwa wale wanaojali."

Nimeomba kwa mara ya mwisho bango lishushwe, Bikira avishwe, hata kwa siku hiyo moja. Amenipigapiga begani. Ati ninajihusisha mno. Nimenawa bega.

Ijumaa, 29 Machi

Naandika nimekaa sakafuni ukumbini, mgongo wangu kwa Bikira, uso mlangoni. Mlango nimeufunga mimi.

Sijatulia. Nitaandika ilivyokuwa.

Walishuka basi wakiwa na shela nyeusi vichwani. Nana Paz kabeba boksi kubwa la keki, nami nikadhani ni zawadi. Mkuu wa chuo akahutubia. Profesa akasema jamii mara sijui ngapi, akamkaribisha "mama yetu wa Namnama". Nana Ising akapanda. Akamtazama Bikira, mara moja tu, kisha akawageukia watu na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wanaume watoke nje."

Wakapiga makofi. Walidhani ni onyesho! Simu zikainuliwa juu. Profesa mwenyewe, macho yanang'aa, anamnong'oneza mkuu wa chuo.

Nana Ising hakushuka. Akanitafuta kwa macho kule nyuma nilikosimama na trei ya samaki. "Edita. Watoe."

Nikaiweka trei chini. Nikawatoa. Mkuu wa chuo nilimshika kiwiko. Profesa alicheka hadi mlangoni, akasema hili ni wazo zuri sana, mbona sikumdokeza mapema, akaniomba niache mlango wazi kidogo kwa ajili ya kamera. Nikaubana, nikazungusha ufunguo, nikauchomoa.

Ndani ya boksi la keki kulikuwa na vazi.

Nilitaka kusaidia. Nana Coring akanifukuza. "Wewe geuka. Wanaotazama ni wavishaji." Ndiyo maana niko hivi, na mikono haina kazi, nikalitoa daftari kwenye pochi. Nyuma yangu wananong'ona rozari. Kitambaa kizito kinapita. Nana Paz anamwomba Bikira radhi kila anapomgusa, pole mama, pole, pini hii, pole.

Nje kicheko kimekwisha. Kwanza Profesa aliwaeleza wageni kwamba hii ni sehemu ya mpango wetu wa ushirikishaji, nimemsikia kwa masikio yangu, na wakapiga makofi tena, sasa kwa heshima. Halafu akagonga. Sasa anagonga kwa ngumi. Ananiita Edita tu, Bi imedondoka mahali. Ananiuliza kama nazijua gharama za bima. Anasema mlinzi anatafuta ufunguo wa akiba.

Nana Ising ananiuliza kama mlango wa nyuma unatokea barabarani. Nimemwambia unatokea. Anasema mpwa wake yuko na gari, ana blanketi, Bikira anarudi kwake hata kama hakuna paa.

Nimewaambia watakamatwa. Nana Coring kasema, "Tukamatwe tumevaa."

Profesa amebadilisha sauti. Ananibembeleza kupitia tundu la ufunguo, pumzi yake inanuka nguruwe. Niwaambie hao wazee tutazungumza, nimwambie ninachotaka, lolote, mradi nifungue.

"Geuka sasa," Nana Ising anasema. "Ameshavaa."

Nimegeuka. Sikumbuki mara ya mwisho kumtazama Bikira usoni karibu hivi. Wamesimama watatu, kila mmoja ameshika kona yake ya jukwaa la kubebea alilokuja nalo Bikira. Kona ya mbele kushoto haina mtu. Hakuna anayeniambia kitu, wananitazama tu, na mlangoni ufunguo mwingine unaingia. Nalirudisha daftari pochini, kona ile inataka mikono —