Wajomba Watatu, Bunduki Moja

Mpendwa Bi Wadha, naomba msaada wako, lakini kabla ya msaada naomba kwanza unipe hongera, kwa sababu humu nyumbani wameshachoka kunipa na mimi bado sijachoka kupewa: nimeunga bunduki. Mimi Nasr, karani wa baladia, manispaa ya hapa Ibra, mtu ambaye kazi yake ni leseni za maduka na mihuri, na ambaye kabla ya haya kitu kikubwa nilichowahi kukifungua kikafungika tena ni cherehani ya mke wangu, nimekaa stoo miezi na miezi na vipande vya chuma na mbao, na juzi Ijumaa baada ya sala vimeshikana vikawa bunduki, nilipovuta mtambo ukalia kak, nikatoka mbio na kanzu imejaa mafuta kumwita mke wangu aje asikie, akaja, akasikia, akaniuliza kama sasa atarudishiwa stoo yake.

Bunduki yenyewe ni ya marehemu babu yangu Marzouq, baba yake mama, ni zile za kizamani za risasi moja moja ambazo huku tunaziita samaa. Babu alipokwenda Unguja katika ujana wake aliiacha kwa ndugu yake kijijini Al Qabil, na aliporudi baada ya mapinduzi, mikono mitupu na watoto nyuma yake, alikuta kila kitu kimebadilika isipokuwa bunduki, iko pale pale ukutani kwenye msumari wake. Alipofariki, wajomba zangu watatu kila mmoja aliitaka, hakuna aliyekubali iuzwe, hakuna aliyekubali mwenzake aiweke, na kwa kuwa mali ya maiti lazima igawiwe, wakaigawa. Bi Wadha, waliigawa kweli. Walitandika mkeka wakaifungua kipande kipande: mjomba Musallam, mkubwa wao, akachukua mtutu, mjomba Humaid akachukua mbao na kitako chenye nakshi za fedha, na mjomba Yaarub, mdogo wao, akachukua mtambo wa ndani. Mama yangu, Amna, dada yao wa pekee, aliuliza na yeye atapata nini, akaambiwa mwanamke na bunduki wapi na wapi. Wakatawanyika, mmoja kabaki Al Qabil, mmoja Nizwa, mmoja Sur, kila mtu na haki yake mkononi na hakuna mwenye bunduki.

Sasa kilichonisukuma mimi ni razha. Wewe unajua, harusini na sikukuu wanaume wakisimama safu mbili na ngoma ikaanza, kila mmoja ana upanga au bunduki ya baba yake, na mimi baba yangu alishuka kutoka Unguja na sanduku la nguo na Msahafu, kwa hivyo mimi hucheza na bakora. Watu hawasemi kitu, lakini mwaka jana kijana mmoja aliniambia kwa heshima kabisa, ami, wewe simama kule mwisho na watoto, na nikaenda nikasimama. Sikulala vizuri wiki nzima.

Basi nikaanza kuzunguka. Mtutu niliukuta Al Qabil umesimamishwa kuegemeza mlango wa banda la mbuzi. Kitako nilikikuta Nizwa kimetundikwa sebuleni kwa mjomba Humaid na maua ya plastiki juu yake, na mtambo uko Sur ndani ya kopo la maziwa, umezama kwenye mafuta meusi. Wote watatu walinipa bila tabu, tena kwa kicheko, wakanambia chukua ujaribu, hiyo haiungiki tena, na mimi sikuwauliza ikiungika itakuwaje, kwa sababu na mimi mwenyewe nilikuwa na shaka.

Nisikuchoshe na habari za kutu. Nilisugua mpaka kucha zikawa nyeusi, na wenzangu ofisini wakanikimbia kwa harufu. Mbao zilikuwa zimekauka zimejikunja, nikazipaka mafuta ya nazi ya kupikia mpaka mke wangu akaanza kuificha chupa. Mwisho kila kitu kikakaa pahala pake isipokuwa jambo moja, kulikuwa na tundu tupu, yaani pini nyembamba ya chuma inayoshikilia mtambo wote usianguke haikuwepo, mjomba Yaarub akaapa yeye hakupewa, wengine wakaapa vivyo hivyo. Nikenda soko la Nizwa kwa wauza majambia na bunduki kuukuu, wakanipa nyingine nene, nyingine nyembamba, kila nikitia mtambo unachomoka unaniangukia miguuni. Nikakata tamaa. Nikamwambia mama, ambaye anaishi kwangu, kwamba kesho naanza kurudisha vipande vya watu.

Mama alikwenda chumbani kwake akarudi na kidau chake cha wanja, akachomoa kile kijiti anachopakia, akakifuta kwa ncha ya mtandio akanipa. Akasema, "Haya, jaribu na hii. Iliviringika ikaja mguuni kwangu siku ile wanaipasua, na hapana aliyeniuliza."

Bi Wadha, tangu utoto wangu namuona mama akipaka wanja kwa kijiti kile! Niliitia tunduni, ikaingia ikakaa kimya, na hiyo ndiyo Ijumaa niliyokwambia.

Sasa msaada ninaoutaka. Binti yangu Maram anaolewa mwezi ujao baada ya sikukuu, na kwa furaha yangu nikawapigia simu wajomba wote kuwapa habari, laiti ningejua. Mjomba Musallam alikuja siku hiyo hiyo, akaishika, akaipeleka begani, macho yakamjaa machozi, kisha akasema, "Wallahi bunduki ni mtutu, vingine vyote ni mapambo." Mjomba Humaid anasema bila ya kitako mtutu ungeshikwa wapi, na fedha ile ni ya baba. Mjomba Yaarub anasema bila ya mtambo mngekuwa na bomba la maji. Kila mmoja ameapa kwamba siku ya harusi ataicheza yeye, na ikichezwa na mwengine basi haji, na harusi ya binti bila ya wajomba wa baba yake watu watasemaje? Mke wangu anasema niifungue nirudishe kila kipande kwao, tuishi kwa salama. Mimi nakwambia kweli bila ya kuficha, mkono hauniendi kuifungua, na moyoni nataka niicheze mimi niliyeiunga, na zaidi ya hapo nishapata baruti kidogo kwa mtu, nataka bwana harusi akifika niipige moja tu juu, wale walionipeleka mwisho na watoto wasikie. Nifanye nini? Naomba unijibu upesi.

Nasr, Ibra

*

Mwanangu Nasr, barua yako niliijibu kwa posta kabla ya kuichapisha, maana harusi haingoji gazeti. Nayachapisha hapa yale yale niliyokuandikia, na wengine wapate.

Hongera. Nakupa moja kubwa, uitie mfukoni, maana baada yake sitakubembeleza. Wazee wako walifanya mambo ya kuchekesha mpaka ya kuliza: walimgawa ng'ombe hai, mmoja kachukua kichwa, mmoja mkia, kisha wote wakashangaa hakuna maziwa. Wewe umekirudisha kiumbe kile kikasimama. Ni kazi ya mtu mwenye subira na mapenzi, na ningekuwa mama yako ningejivunia.

Lakini umeniandikia habari za kutu na mafuta ya nazi na maua ya plastiki, hukuandika hata mara moja neno polisi. Wewe karani wa baladia, unamfungia mwenye duka la nyanya kwa kukosa leseni, halafu unaweka bunduki stoo karibu na mchele! Kesho asubuhi, kabla hujatia saini karatasi ya mtu, nenda kituoni ukaseme unacho nini na umekipata vipi, uwaulize inaandikishwaje. Wakikwambia iache hapa mpaka tuimalize, iache, na harusini utacheza na bakora yako na hutapungua kitu.

Na hiyo baruti sitaki kuisikia. Mtutu uliokaa miaka ukiegemeza banda la mbuzi, unamwagiwa maji na kukojolewa, leo unataka kuutia moto karibu na shavu lako, mbele ya binti yako aliyevaa nguo za harusi? Waulize hao hao polisi pa kuipeleka hiyo baruti, usiimwage wala usiichome. Watu wakuheshimu kwa mlio? Mlio hata bati hutoa likianguka. Bunduki hii isitiwe kitu ndani, si siku hiyo wala siku nyingine.

Sasa wajomba. Nilisoma barua yako mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikanuna. Umeniuliza aishike nani katika watu wanne, watatu hao na wewe wa nne. Mama yako umemtia katikati ya barua, akatoa pini, kisha ukamsahau kama alivyosahauliwa siku ile mkekani. Nasr, Bi Amna ni binti wa Marzouq. Sheria imempa fungu lake katika kila alichoacha baba yake, sindano na shamba, na hakuna kifungu kinachosema isipokuwa bunduki. Kaka zake walimdhulumu, na wewe unakaribia kuwa wa nne. Tena angalia ajabu ya Mungu: wao walichukua vipande vikubwa wakavigeuza nguzo ya mbuzi na pambo la ukuta, yeye aliyenyimwa ndiye aliyekitunza kidogo chake na kukitumia kila siku kwa heshima, na bila ya hicho mngekuwa mnagombea vyuma chakavu.

Kwa hivyo sikiliza. Usiifungue, na usimpe Musallam wala Humaid wala Yaarub, na wewe usijipe. Mpe mama yako mkononi, mbele ya mke wako na watoto, umwambie hii itakaa kwako. Kisha wapigie wajomba, kwa adabu, wewe ni mtoto wao, uwaambie bunduki iko kwa Amna, na anayetaka kuicheza harusini aje mlangoni kwake amuombe, acheze, arudishe, na mwenzake naye aje aombe. Asitume mtu wa kumuombea, kila mtu na ulimi wake. Atakayeona uzito kumuomba dada yake, mwambie harusi inatimia kwa walii na mashahidi na mahari, bunduki si sharti. Na usiwaogope. Watu wanaoapa kwa hasira namna hii juu ya bunduki hawatakaa kwao siku ya harusi.

Na mnunulie mama yako kijiti kingine cha wanja. Umemchukulia chake, na katika kurasa zote ulizoniandikia sikuona pahala uliposema ahsante.

*

Nasr amenipigia simu baada ya harusi, akazungumza kama anavyoandika, bila ya kupumua, na kwa ruhusa yake nayaweka hapa.

Anasema polisi walimpokea vizuri baada ya kumgombeza vizuri. Bunduki ilikaguliwa, ikaandikishwa, akaambiwa ni ya kuchezea razha tu, na baruti akaiacha kule. Mama yake alikwenda naye kituoni, akakaa kitini na buibui lake mpaka karatasi ikatoka.

Siku ya harusi Bi Amna alikaa barazani, bunduki imelala mapajani kwake juu ya kanga. Ngoma zilianza, safu zikapangwa, na kwa muda hapana aliyekuja. Wajomba watatu walikuwa wote wamefika, wamevaa majambia, kila mmoja anaangalia viatu vyake. Wa kwanza kuinuka alikuwa Musallam. Alipita uwanja mzima watu wanamtazama, akasimama mbele ya dada yake, akanyoosha mikono yote miwili.

"Amna," akasema, "naomba bunduki ya baba."

Nasr anasema hakuwahi kumsikia akiiita hivyo, siku zote kwake ilikuwa "mtutu wangu". Bi Amna alimtazama kidogo, kisha akampa, akamwambia, "Ichukue nzima, uirudishe nzima."

Akacheza, mzee yule, akairusha juu na kuidaka kama kijana, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka ngoma zikapotea. Akairudisha kwa mikono miwili. Akaja Humaid akaomba, akaambiwa maneno yale yale, akacheza, akarudisha. Akaja Yaarub, naye alibusu kichwa cha dada yake kabla ya kuomba, jambo ambalo hakuambiwa na mtu.

Mwisho kabisa alikwenda Nasr, na bakora yake mkononi. Anasema alikuwa ameyaandaa maneno ya kusema, yakampotea yote, akabakia kusema, "Ahsante, mama." Bi Amna alimpa bunduki, akaichukua ile bakora akaishika yeye, na Nasr akaingia katikati ya safu. Hakwenda mwisho na watoto. Alipotupa jicho barazani katikati ya mchezo, mama yake alikuwa amesimama, bakora ameinyanyua juu, anaitikisa kwa ngoma.