Ndege wa Kwenye Matete

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Wirra Bend, Mto Murray, 16 Oktoba

Jina: Shaylene Bartram
Umri: Miaka 17
Kazi: Nimemaliza shule, bado sijapata kazi
Makazi: Kwa bibi yangu, Verna Bartram, Wirra Bend

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nimeelezwa kwamba watu wa ustawi wa jamii wanataka kujua kama Bibi anafaa kuendelea kumlea binamu yangu Kobi, mwenye miaka sita.

Mnamo tarehe 14 Oktoba, saa tisa alasiri, tulikuwa mtoni tukitega kamba wa maji baridi. Mngurumo mzito ulitoka kwenye matete. Bibi akasema, kama kawaida yake, kwamba huyo ni bunyip, zimwi la mtoni anayemeza watoto wanaosogelea maji peke yao. Kobi alirudi nyuma. Mimi pia nilirudi.

Binamu yangu Darcy, wa miaka kumi na minne, alinicheka.

"Dada msomi huyo, anakimbia hadithi."

Niliona aibu. Bibi alipokwenda kwenye gari kuchukua mkate, niliwafungulia kwenye simu sauti ya ndege tuliyosikilizishwa shuleni. Ilikuwa mngurumo uleule. Nikamwambia Kobi, "Hakuna bunyip. Ni ndege tu, anajificha kwenye matete." Darcy aliacha kucheka. Nilifurahi.

Kisha mimi na Darcy tukavuta mtego. Tulipogeuka, Kobi hakuwepo. Alikuwa ameingia kwenye matete kumtafuta ndege.

Bibi alirudi mbio, na ndiye aliyemtoa majini. Aliingia na viatu vyake, maji yakamfika shingoni, naye hajui kuogelea. Mimi nilisimama tu.

Tukisubiri gari la wagonjwa, nilimweleza Bibi nilichosema. Hakunigombeza. Alisema, "Bunyip ndiye aliyenisaidia kulea, mjukuu wangu. Watoto saba, na mto huu haujanichukulia hata mmoja."

Jana hospitalini Kobi aliniambia hakumwona yule ndege. Nikamwambia nilikosea, hakuna ndege, ni bunyip. Alijifunika shuka mpaka puani. Bibi alisogea kwenye benchi ili nikae.

Kwa hiyo si kweli kwamba Bibi alimwacha Kobi bila mlinzi. Mlinzi alikuwepo. Mimi ndiye niliyemfukuza.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyasema, na sikushurutishwa na mtu kuyaandika.

Sahihi: S. Bartram

Maelezo ya afisa: Yameandikwa mbele yangu. Baada ya kutia sahihi, shahidi aliomba mstari kuhusu ndege ufutwe, ili Kobi akijua kusoma asije akauona. Nimemweleza kwamba maelezo hayafutwi.
Konstebo P. Lindqvist