Kuku wa Baba Mdogo

Jumanne, Bariadi.

Eti jirani wa kijijini Sapiwi ndiye aliyetuloga! Baba alikufa kwa figo, sasa kaka yangu naye figo, na leo baba mdogo kampasua kuku, kachungulia utumbo kama fundi redio, akamtaja mchawi. Upuuzi mtupu.

"Daktari kasema figo za vifuko vya maji hurithiwa," nikamwambia. "Watoto wote wa marehemu tupimwe."

"Na wewe, ng'wanawane, mwanangu, umeshapima?"

Nikakohoa. Karatasi ya daktari ya kwenda kupimwa iko ndani ya Biblia tangu tuvune pamba. Mwalimu mzima, kitambi mbele, nawacheka wazee huku naogopa kulala kitandani nipigwe ultrasaundi.

Kuku angalau kachunguzwa ndani. Kesho naenda. Sitaki kuzidiwa na kuku.